Habari za Fundi Cherehani na Ngozi ya Kuku wa Jumapili

Jongeeni, enyi mlioshiba, nanyi mnaongoja kuandaliwa! Jongeeni, wenye mikanda inayofungika na wenye mikanda iliyotobolewa tundu jipya kwa msumari! Wekeni vijiko chini, pangusani midomo, mnyamaze. Maana leo hazisimuliwi habari za majeshi yaliyovuka mito, wala za miji iliyozingirwa hata wenyeji wake wakatafuna viatu. Hizo zina wasimulizi wake, nao hawakosi posho. Leo yanasimuliwa makuu kuliko hayo: jinsi mtu mmoja mwenye afya ya meno, akiwa na njaa, akiwa mezani kwake mwenyewe, alivyowekewa ngozi ya kuku iliyokaushwa ikawa na rangi ya asali, akaitazama, naye akaiacha.

Wala hakushikwa mikono. Hilo mlijue mapema, msije mkadhani palikuwa na hila.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa wote ulimwita Fundi, kana kwamba waashi na mafundi bomba wa mtaa ule walikuwa bado wanajifunza. Milki yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, juu ya ngazi: cherehani ya kukanyaga kando ya dirisha, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi nzito, bakuli la vifungo vilivyopotezana na wenzao, na sakafuni vipande vya vitambaa ambavyo mkewe alivifagia kila jioni na kuvikuta vimerudi kila asubuhi. Huyo ndiye Simba wa Sindano, Mkataji Asiyerudia, ndiye aliyeweza kumtazama bwana harusi mara moja tu mlangoni akajua ni bega lipi limeshuka na anaona haya ya nini. Shingoni mwake ilining'inia futi ya kupimia tangu alfajiri hadi machweo, naye aliwapima watu wote wa mtaa, wanene kwa wembamba, akawaficha siri zao. Mtu mmoja tu hakuwahi kumpima, naye alikuwa ni yeye mwenyewe.

Kila shujaa ana silaha anayoringia. Yake ilikuwa suruali. Ilikuwa suruali ya kijivu aliyojishonea kwa ajili ya harusi yake, kitambaa kisichochuja wala kupauka, na hata sasa, watoto wakiwa wamekwisha kuoa na kuolewa na kuhama, aliivaa kila Jumapili na kusimama nayo mlangoni ili wapitao waione.

"Nitazameni," alikuwa akiwaambia, mikono kiunoni. "Rika langu lote limevimba. Wengine wamekuwa magunia, wengine mapipa. Mimi suruali niliyoolea ndiyo hii, na mpaka leo inanienea. Mwili wangu ni uleule niliopewa."

Naye hakuwa anasema uongo kwa kujua, na hapo ndipo ilipo ajabu yake. Suruali ilipombana kidogo, mkono wa fundi, usioweza kuvumilia mshono unaobana, ulikwenda wenyewe cherehanini, ukafumua nyuma, ukatoa nafasi ya upana wa kucha, ukashona tena. Alifanya hayo huku akizungumza na wateja, kama mtu anayejikuna. Nafasi ya mshono ilipokwisha, alitia kipande cha pembetatu cha kitambaa kilekile alichokuwa amekiweka akiba, akakipiga pasi hata jicho la adui lisingekiona. Mtu mwingine yeyote suruali yake ingemwambia ukweli. Fundi peke yake alikuwa na uwezo wa kuinyamazisha, akainyamazisha miaka yote hiyo, akasahau.

Sasa zisikieni habari za ngozi.

Katika nyumba ile kuku alipikwa Jumapili mchana, na ngozi ya kifua chake ilikuwa mali ya mwenye nyumba. Babu yake Fundi aliila, kisha baba yake akaila. Jumapili iliyofuata mazishi ya baba, Fundi akiwa kijana ambaye hata ndevu zilikuwa bado zinasitasita, mama yake aliinyanyua ngozi ile kwa vidole, akaizunguka meza yote huku ndugu zake wakimtazama, akaiweka katika sahani yake.  Kijana akaila huku machozi yakimdondokea mikononi, na alipoimeza alijua kwamba nyumba ile sasa ni yake kuiangalia. Hakupewa cheti wala fimbo ya urithi. Alichopewa alikila.

Mama naye alipofariki, mke akaipokea kazi ile bila kuulizwa. Naye aliijulia. Aliichunga ngozi isichanike, akaimwagia mafuta ya moto kwa kijiko, tena na tena, mpaka ikaumuka na kulia ikiguswa. Kisha akaitoa nzima na kumwekea mumewe, na yeye mwenyewe akala shingo.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya ngazi. Fundi alikuwa amepokea jora la kitambaa cha suti, akalitia begani kama alivyozoea, akapanda. Na katikati ya ngazi pumzi yake ikamwacha, kama askari aliyeitwa na kikosi kingine. Akakaa. Jora likakaa juu yake. Mkewe alipoona kimya kimezidi, akachungulia kutoka juu.

"Unafanya nini hapo, baba watoto?"

"Naitazama ngazi," akasema Fundi, kwa sauti iliyokuwa na hewa nyingi kuliko maneno.

"Ina nini?"

"Imeongezeka."

 Mama watoto alishuka, akaliondoa jora, akaushika mkono wake, akaukuta una jasho la baridi, na kesho yake wakawa wamekaa kliniki, Fundi akiwa ndani ya suruali yake ya Jumapili.

Katika kliniki ile alitawala nesi mmoja, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. Alimfunga Fundi ule mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, akautazama, akaujaza tena. Alimtoa damu. Majibu yalipotoka akamwambia bila kuzungusha: presha iko juu, na damu ina lehemu nyingi, yaani yale mafuta yanayojibandika ndani ya mishipa mpaka njia inakuwa nyembamba. Uzito nao umezidi.

Hapo Fundi akasimama, akaushika mkanda wake kwa mikono miwili, akahutubia.

"Binti yangu," akasema, "mimi sikukatalii elimu yako. Lakini mashine hukosea. Cherehani yangu mwenyewe huruka mishono siku za baridi. Uzito umezidi wapi? Suruali hii niliivaa siku niliyooa. Hao walioivaa suruali moja ujanani na uzeeni ni wangapi katika mji huu? Waite! Wasimame hapa tulinganishwe!"

"Geuka," akasema mkewe.

Akageuka. Mkewe akaushika ukingo wa nyuma wa suruali, akaukunjua nje, na ndani yake vikaonekana vitu vyote: mshono juu ya mshono, alama za nyuzi zilizofumuliwa, pembetatu, na pembeni mwa pembetatu ile pembetatu nyingine. Ilikuwa kazi safi sana.

"Mimi ndiye ninayeifua," mke akamwambia nesi.

Simba wa Sindano akakaa chini, akaingiza shati lake vizuri, akasema kwamba ofisi ile ina joto.

"Punguza mafuta, mzee," akasema nesi. "Sikutishi. Lakini ile ngazi ilikuwa inakuita kwa jina."

Tangu siku ile mkewe alianza tabia ambayo hawakuizungumza. Fundi alipolala kitini baada ya chakula cha mchana, naye mkewe akipita na vyombo, alisimama. Alikitazama kifungo cha shati kilichokaa juu ya tumbo la mumewe, wala hakuondoka mpaka amekiona kimepanda na kimeshuka. Fundi alilijua hilo, kwa kuwa usingizi wake wa mchana ni wa jicho moja. Mara moja tu, kwa utani, aliizuia pumzi. Aliuona uso wa mkewe kupitia kope zake, akaiachia pumzi upesi na kujifanya anakoroma, na utani ule hakuurudia tena.

Kwa ajili ya uso ule, basi, alitoka kwenda vitani.

Alikwenda supamaketi, mahali ambapo kwa desturi alikuwa hafiki, na akajikuta mbele ya rafu ya mafuta. Chupa zilisimama safu kwa safu, zote manjano, zote zikimeta, kila moja ikijitangaza kwa herufi kubwa. Hii ilisema ni safi. Ile ilisema ni asilia. Moja ilisema ni bora zaidi, bila kusema kuliko nini. Fundi alitembea mbele yao taratibu, mikono nyuma, kama jemadari anayekagua askari wa kukodiwa, mpaka macho yake yakaiangukia chupa yenye picha ya moyo mwekundu, na chini ya moyo yameandikwa maneno: HAINA LEHEMU HATA TONE.

"Ni wewe," akasema Fundi, na mama mmoja aliyekuwa karibu akasogeza toroli lake.

Nanyi mtashangaa, maana mimi nimeshangaa hadi nimezoea. Mtu huyu hakuwahi kununua koti kabla hajaligeuza ndani nje. Aliwaambia wateja wake kila siku kwamba mbele ya nguo ni maneno tu, na kazi iko upande wa ndani. Lakini siku ile aliishika chupa, akausoma mbele moyo na maneno yake, akaona lebo imebandikwa wima bila kupinda, akaridhika. Hakuigeuza.

Akarudi nyumbani na kuisimamisha mezani.

"Mama watoto," akatangaza, "adui amekwisha. Kaanga bila hofu. Mkono wako usitetemeke tena juu ya sufuria."

"Kwa hiyo haya hayana shida?"

"Yana moyo juu yake."

Mke akautazama ule moyo. Alitaka sana kuamini. Akamimina, na kwa kuwa aliambiwa ni kama dawa, akaongeza kidogo ili ifanye kazi. Viazi vikaogelea. Mboga za majani zikang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Na Jumapili ilipofika alikuja Shemeji, mdogo wake mke, dereva wa lori, mtu mwenye kipaji cha kufika mlangoni wakati kifuniko kinafunuliwa, naye alipoelezwa habari za chupa ile akaisogeza sahani yake mbele.

"Hata mimi moyo wangu unahitaji matibabu," akasema. "Dada, nitibu."

Wakajitibu kwa muda wa kutosha. Fundi akaila ngozi yake kila Jumapili kwa dhamiri iliyotulia, na suruali ikahitaji kuguswa kidogo. Kisha akarudi kliniki kifua mbele, chupa ikiwa ndani ya mfuko, kwenda kupokea pongezi.

Nesi akamtoa damu. Akayasoma majibu, kisha akamtazama mzee kwa muda, kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

"Umekula nini, mzee? Imepanda."

"Haiwezekani," akasema Fundi, akainuka kwa kishindo, akaiweka chupa mezani. "Nilikutii! Nilishuka sokoni peke yangu nikamtafuta mwenye kufaa kati ya wengi! Soma mwenyewe: haina lehemu hata tone!"

"Mzee wangu. Lehemu inatoka kwa wanyama. Mafuta ya mimea hayana, yote, hata yale mabaya. Hapa ni kama wamekuuzia ndoo ya maji wakaandika 'hayana mifupa'." Kisha akasema neno ambalo Fundi hakulisahau. "Geuza."

Fundi akaigeuza chupa. Nyuma palikuwa na maandishi madogo, yamebanana. Nesi akaweka kidole.

"Hapa wanasema ni mafuta ya mawese. Na hapa: katika mafuta yaliyomo, kiasi gani ni yale yanayoganda. Hayo yanayoganda ndiyo yanayoisumbua damu yako. Ona yalivyo mengi. Iliyokuwa jirani yake pale rafuni, pengine haina picha hata moja, na haya ndani yake ni machache."

"Herufi ni ndogo," akasema Fundi.

"Wewe unatunga uzi kwenye sindano, mzee. Utaziona."

Mkewe, aliyekuwa amekaa kando, akakohoa. Nesi akaendelea kwa upole zaidi. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe, hata yakiwa mazuri. Vinavyoweza kuchemshwa vichemshwe. Maharage, samaki, mboga. Na chupa, pakiti, kopo, chochote, kigeuzwe kabla hakijaingia mfukoni.

"Na kuku unaweza kumla tu," akasema. "Ila ngozi iondoe. Mafuta yake mengi yako hapo."

"Ngozi," akasema Fundi.

"Ngozi."

"Ya kuku."

"Ya kuku, mzee. Kwani una nyingine unayokula?"

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika juu ya ngazi, ambako Fundi alipumzika kwa kisingizio cha kutafuta ufunguo, ulimi wake ukafunguka.

"Nielewe, mama watoto," akasema. "Mafuta ya kukaangia, sawa, nimesalimu amri. Viazi nitavila vya kuchemsha kama mgonjwa. Lakini ngozi ile haikuwa chakula. Baba aliiacha akaniachia mimi. Siku utakayoichuna jikoni na kuitupa, nikaletewa kuku aliye uchi, nitakaa pale mezani kama nani? Kama mpangaji?"

Mkewe aliuchukua ufunguo kutoka katika mfuko wa shati lake, ambako ulikuwa siku zote, akafungua mlango.

"Sitaichuna," akasema. "Jumapili nitaipika kama ninavyoipika, na nitakuwekea sahanini mwako kama alivyokuwekea mama mkwe. Sitaki uje useme nilikunyang'anya. Uile au uiache, ni juu yako." Kisha, akiwa ameshika kitasa, akaongeza: "Baba yangu mimi aliinuka mezani akaenda kunawa mikono. Mama akasema, mbona anakawia. Mpaka leo nikisikia maji yanatiririka bombani na mtu hatoki, napata homa. Ndiyo hivyo tu, baba watoto. Ingia ndani."

Fundi akaingia ndani. Siku zile zilizobaki kabla ya Jumapili alishona vibaya, akaweka mfuko wa kulia kushoto, akaufumua.

Na sasa, ewe ulimi wangu, usiteleze hapa! Na kama yupo huko juu anayewasaidia wasimulizi wanapofika penye uzito, na ashuke sasa, na aje na kitambaa cha kupangusia midomo. Kwa maana Jumapili imepambazuka, na katika nyumba ile ya juu ya ngazi sufuria imekwisha kulia.

Meza ilitandikwa. Viazi vilikuja vya kuchemsha, vyeupe, vinyonge. Mboga zilikuja zimepitiwa na kijiko kimoja cha mafuta kutoka chupa mpya, isiyo na picha yoyote, ambayo Fundi aliigeuza mara kadhaa pale supamaketi hadi mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Shemeji alikuwa amekaa, amekwisha kunawa mikono. Kisha akaja kuku. Na mkewe, mwaminifu kwa neno lake, akainyanyua ngozi ya kifua, akaizunguka meza, akaiweka katika sahani ya mumewe, akarudi kukaa.

Ilikuwa nzima. Haijapata kutoka jikoni kule ngozi kama ile. Ilikuwa imejikunja kidogo pembeni kama ukingo wa kofia, ina mapovu madogomadogo yaliyokauka, na bado ilikuwa inalia, sauti nyembamba sana, ya mtu anayeomba kusikilizwa faraghani. Harufu yake ilipanda, ikaingia puani mwa Fundi bila kubisha hodi, ikashuka mpaka mahali alipokuwa mtoto. Akamwona baba yake amekaa upande ule wa meza, ndevu zinameta mafuta. Mate yakamjaa.

"Ewe ngozi," akasema Fundi.

Shemeji akaacha kutafuna.

"Ewe ngozi," akaendelea, kwa sauti iliyotulia, "tumetoka mbali mimi na wewe. Ulinikuta kijana nisiye na mbele wala nyuma, ukaniketisha kitini. Sina ugomvi nawe. Hukunidanganya hata siku moja. Wewe ulikuwa mafuta, ukaonekana mafuta, ukanuka mafuta. Aliyekuwa akinidanganya ni suruali, nayo niliifundisha mwenyewe."

"Dada," akanong'ona Shemeji, "anazungumza na chakula."

"Mwache," akasema dada yake.

Mkono wa Fundi ukanyanyuka. Ukakaa juu ya sahani. Ukashuka, ukaigusa ngozi, ikalia *ka*, na vidole vikaifumbata, kwa kuwa vidole vina mazoea yake na haviombi ruhusa. Pale ulisimama mustakabali wa nyumba nzima, kati ya sahani na mdomo, ukidondosha mafuta. Fundi akainua macho.

Mkewe hakuwa amegusa chakula chake. Hakuwa anaitazama ngozi, wala mkono, wala mdomo. Macho yake yalikuwa juu ya kifungo cha shati la mumewe, na alikuwa anangoja kukiona kikipanda.

Fundi akaishusha ngozi. Hakuirudisha katikati ya sahani. Aliiweka ukingoni, mbali, kule watu wanakoweka miiba ya samaki. Kisha akaufuta mkono wake, kidole kwa kidole, akachukua kiazi.

 Shemeji akainuka nusu na kuweka mkono kifuani.

"Shemeji yangu mpendwa," akasema, "leo umefanya jambo ambalo wanaume wachache wangelithubutu, na mimi kama shahidi nitalitangaza kila nitakakoshusha mzigo. Lakini kiti hakiwezi kukaa wazi. Cheo kikiachwa na mkubwa, kwa utaratibu kinamshukia anayefuata. Mimi sikuutafuta wadhifa huu. Lakini kwa ajili ya ukoo wetu, na kwa kuwa inapoa, niko tayari kuubeba." Na mkono wake mwingine ulikuwa tayari uko njiani.

"Rudisha mkono," akasema Fundi.

"Shemeji!"

"Suruali zako nazitanua mimi. Najua ulipoanzia na ulipofika. Wewe kitambaa cha akiba kimekwisha zamani. Ile ya bluu nimekuongezea kipande cha pazia."

Shemeji akakaa. Akajitazama upande wa paja, akavuta shati lake juu ya paja lile, akaomba apitishiwe mboga.

Hapo Fundi akamgeukia mkewe, na mawazo yakamjia ambayo kwa miaka yote hayakuwa yamemjia, akayaonea aibu kabla hajayasema.

"Mama watoto. Hii ngozi, wewe umewahi kuionja?"

"Mimi?" akasema mkewe. "Ningeionja saa ngapi? Si nilikuwa nakuletea wewe."

"Hata kipande?"

"Hata kipande."

Basi Fundi akainuka. Akaichukua sahani yake, akaizunguka meza yote kama mama yake alivyoizunguka siku ile, akaiweka mbele ya mkewe. Macho yake yaliloa, wala hakuyaficha. Mke akamtazama, akaitazama ngozi. Kisha, kwa ncha ya vidole, akamega pembeni kipande kidogo kama kifungo cha shati la mtoto, akakitia mdomoni, akatafuna. Walimngoja. Shemeji aliacha kupumua.

"Chumvi imezidi," akasema.

Akaisukuma sahani kando, akaanza kula, na alikula viazi vile vya kuchemsha kwa hamu ambayo haikuwa imeonekana kwake tangu asubuhi ya ngazi.

Hivyo ndivyo ulivyoanguka utawala wa ngozi, uliodumu tangu babu, bila damu kumwagika. Ngozi yenyewe ilibaki sahanini, ikapoa, ikaacha kulia, ikaganda mafuta meupe chini yake, na Fundi aliyatazama mafuta yale yalivyoganda akajishika kifua kidogo. Nesi akisikia habari hizi atasema kwamba ngozi moja si kitu, na mtu hupimwa kwa Jumapili zote zinazokuja, na kwamba zipo pia pakiti, na makopo, na chupa zenye picha za mioyo. Naye atakuwa amesema kweli. Lakini wanaoandika habari za zama hawaandiki Jumapili zinazokuja. Wanaandika ile iliyokuwa. Na waandike, basi, kwa wino usiofutika, kwamba siku ile, mchana kweupe, Simba wa Sindano alishinda, na aliyeshindwa alikuwa kuku. Mtaani hapakupigwa ngoma, kwa kuwa mtaa haukuwa na habari.

Baada ya chakula alikaa kitini mwake kando ya cherehani, akaulegeza mkanda, akafumba jicho moja na kuliacha lile lingine likimlinda. Alisikia vyombo vikioshwa. Alisikia maji yakifungwa. Alisikia nyayo za mkewe zikitoka jikoni, zikikaribia, akajiweka vizuri ili kifungo chake kionekane.

Nyayo hazikusimama. Zilimpita, zikaenda hadi kabatini, mlango wa kabati ukafunguka, sahani zikawekwa, na mkewe alikuwa anaimba, wimbo usio na maneno, wa mtu anayefikiria mambo mengine kabisa.

Fundi aliudhika kidogo, maana mtu huzoea kulindwa. Kisha akafurahi, akalifumba na lile jicho la pili. Akalala usingizi wenyewe. Na katika chumba kile chenye vipande vya vitambaa sakafuni, kifungo kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, wala hapakuwa na mtu aliyekitazama.